Vichupa Tisa vya Jumatatu

Fiii… hhii. Fiii… hhii.

Nilikuwa bado kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mguu mmoja juu na mwingine chini, mlio huo uliponifikia kutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ulikuwa mwembamba, unapanda, unakatika, unaanza tena, kama filimbi iliyoingia maji. Mtu mwingine angepita zake. Mimi nina miaka sita kwenye vifua vya watoto. Kifua kilichobanwa na pumu nakitambua hata kikiwa nyuma ya ukuta, hata kikifunikwa blanketi.

Nikabisha.

Ndani mlango mwingine ukafungwa, na ule mlio ukazimika. Kisha cherehani ikaanza kunguruma kwa kasi, ikashona kitu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ikanyamaza. Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, nafasi ya kutosha uso mmoja tu.

"Shangazi yuko wapi?" akauliza mama mwenye nyumba. Alikuwa fundi cherehani. Pini tatu zilikuwa zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake.

"Goti linamsumbua, ameenda kulionyesha. Leo nimekuja mimi, mtafiti mwenyewe."

"Mtafiti mwenyewe," akarudia, kama anayeonja chumvi. Hakusema karibu.

"Mama, nimesikia mlio."

"Birika hilo."

"Birika linalovuta pumzi na kuitoa?"

"La zamani. Lina tabia zake." Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kichupa, kimeshafungwa, kimeshabandikwa namba na tarehe. Nyuma yake ikafuata kadi ya pumzi. "Nimemsugua mtoto pua asubuhi, kila kitu tayari."

"Utaratibu ni kwamba mkusanyaji anaona mtoto akisuguliwa."

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Njoo Jumatatu ijayo umwone." Mlango ukafungwa. Nilibaki na kichupa mkononi, na nyuma ya ubao cherehani ikarudi kunguruma.

Kwenye daftari letu mtoto huyo anaitwa Kumi na Saba. Mvulana wa miaka minane, mwenye pumu tangu akiwa na miwili. Utafiti wangu una swali moja. Virusi vya mafua vinapita kila nyumba na kugusa kila pua. Kwa nini kwa mtoto mmoja mwenye pumu mafua yanaishia puani, na kwa mwenzake yanashuka kifuani na kumfunga pumzi? Jibu liko kwenye pua yenyewe, katika zile siku mbili tatu kabla mtoto hajaanza kukohoa. Nilikuwa na hakika, na bado nina hakika. Kwa hiyo tunaihitaji pua ya kila Jumatatu, mtoto akiwa mzima au mgonjwa. Mama anasugua kijiti cha pamba ndani ya pua ya mwanawe, anakitumbukiza kwenye kichupa, mkusanyaji anashuhudia na kutia sahihi. Kila asubuhi mtoto anapuliza kwenye kipimo cha pumzi na namba inaandikwa kwenye kadi. Sisi tunatoa pampu ya dawa ya kuzuia, mivuto miwili asubuhi, miwili jioni. Watoto arobaini.

Wakubwa walisema akina mama hawaaminiki na vijiti. Niliwajibu mkutanoni, nimesimama, kwa sauti ambayo baadaye niliambiwa haikuhitajika. Nikashinda. Kwa hiyo kichupa kimoja cha uongo kingetosha kuniangusha, maana ukishaonyesha kimoja, nani ataviamini vile vingine?

Niliporudi ofisini nikazitandaza kadi za Kumi na Saba mezani. Wiki tisa za baridi na mvua, wiki ambazo watoto wote thelathini na tisa waliobaki walipiga chafya kama waliolishwa pilipili, yeye hakuonekana na kirusi hata kimoja. Pumzi yake: mia mbili na ishirini, mia mbili na ishirini, mia mbili kumi na tano, mia mbili na ishirini. Kadi ya kweli huishi na watu. Ina duara la kikombe cha chai, ina alama ya kidole chenye mafuta, ina siku iliyorukwa na siku iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu kalamu imepotea. Hizi zilikuwa safi kama shuka la mgeni. Namba zilisimama wima, zote kwa wino mmoja wa bluu, kama zimeandikwa kwa mkao mmoja.

Na wino huo niliujua. Ulikuwa ule ule wa sahihi iliyokaa chini ya kadi zote nane za kabla ya leo. Sahihi ya Shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yangu, muuguzi mstaafu wa miaka thelathini. Ndiye aliyepanda ngazi za nyumba arobaini na kuwaeleza akina mama arobaini kwamba kijiti puani si uchawi. Bila yeye ningekuwa na friza tupu na mdomo mrefu.

"Unazitazama hizo kadi kama barua za mchumba," alisema mtunza friza wetu, kijana mwembamba tunayemwita Barafu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hacheki anapotania.

Nikamweleza. Akageuza kadi mbili tatu, akanyanyua nyusi.

"Kumi na Saba ni mvulana, sivyo?"

"Mvulana."

"Basi tumwulize kama ni mvulana. Kwenye vile vichupa kuna chembe za mwili za yule aliyesuguliwa. Za kiume zina alama ambayo za kike hazina. Nipe siku moja."

Kesho yake, Jumanne, kabla jua halijaondoka dirishani, alikuja na karatasi akaiweka juu ya kibodi yangu, juu ya vidole vyangu.

"Hongera bosi. Mtoto wako amekuwa msichana."

"Vingapi?"

"Vyote tisa. Na ni mwanamke mmoja huyo huyo, kichupa cha kwanza mpaka hiki ulichokileta jana. Nimepima pia wavulana wengine watano wa Shangazi yako. Hao ni wavulana, hawana shida. Ni huyu tu."

Barafu akaegemea meza.

"Sasa jiulize. Hivyo vichupa vinapita kwenye mikono ya wanawake wawili. Mmoja ni mama mtu. Mwingine ana goti bovu, na nyumba ile iko ghorofa ya tatu. Mtu mwenye goti bovu akifika chini ya ngazi zile, akatazama juu, akaangalia sanduku lake la barafu, halafu akakumbuka kwamba na yeye ana pua…"

"Koma."

"Nakoma. Lakini kikulacho ki nguoni mwako."

Nilitamani kumrushia stepla. Badala yake nilikaa na maneno yake, na yalianza kazi yake, kwa sababu shaka ni kama sisimizi, ukimwona mmoja unaanza kuwashwa mwili mzima. Nikakumbuka Jumatatu ambazo Shangazi alimaliza mzunguko wake saa nzima kabla ya wakati. Nikakumbuka nilipomwuliza, "Kumi na Saba anaendeleaje?" akanijibu, "Mzuri, mzuri," bila kuinua uso. Nikamkumbuka akicheka. Alicheka nini siku ile? Mambo yote ya upendo wake yakageuka ushahidi.

Jumatano asubuhi alikuja ofisini, bandeji gotini, fimbo ya kuazima mkononi.

"Daktari amesema nipunguze uzito," akatangaza. "Nimemwambia aanze yeye."

Nikacheka kwa meno tu. Akakaa, akapewa chai, akaanza kumsimulia Barafu habari za foleni ya hospitali. Mimi nilikuwa nikitazama pua yake. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimtazama pua mtu aliyenibeba mgongoni, nikiwaza kama naweza kuipata bila yeye kujua. Alipokwenda kuzungumza na mpokezi, nikavaa glavu, nikachukua kikombe chake kwa ukingo, nikaanza kukitumbukiza kwenye mfuko wa sampuli.

"Kikombe changu kinaumwa?"

Alikuwa mlangoni. Fimbo yake ilikuwa na raba chini, sikuisikia.

"Shangazi, nilikuwa na…"

"Na glavu. Naona. Na mfuko." Akaja taratibu mpaka mezani, akaona kadi, akaona karatasi ya Barafu, akaisoma yote bila miwani, akiishika mbali. Uso wake haukubadilika ila midomo ilikonda. "Kwa hiyo mwanamke anayetafutwa ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, umeiba kikombe." Akavuta droo, akatoa kijiti kipya, akakichana karatasi yake kwa meno. Mbele yetu, bila kupepesa, akakisukuma puani, akakizungusha mara tano kama anavyowafundisha akina mama, pua hii, na pua hii, machozi yakimtoka. Akanipa. "Shika. Ungeomba, ningekupa. Kakipime. Ukimaliza, ukitaka na ukucha, nitakukatia."

Barafu alipata kazi ya haraka kwenye friza. Hata mlango hakuufunga.

"Wino ni wako," nikasema. Kiburi kikishapanda hakishuki kwa ngazi. "Sahihi ni yako. Umetia sahihi mara nane kwamba ulimwona mtoto akisuguliwa. Ulimwona?"

Hapo ndipo akatazama sakafu.

"Siku ya kumwandikisha nilimwona. Akisuguliwa sikumwona hata mara moja," akasema. "Yule mama aliniona siku ya pili nimekaa kwenye ngazi ya kwanza, nasugua goti. Akaniambia, Shangazi, usipande, nitakuwa nakuletea chini. Akawa analeta kila Jumatatu, kichupa na kadi, na maji ya kunywa. Kalamu nilimwachia mwenyewe, akishuka nayo ndiyo natilia sahihi. Nilidhani ananihurumia goti. Hilo ni kosa langu, liandike, nitaliwekea sahihi, na hiyo itakuwa ya kweli." Kisha akainua kichwa ghafla. "Jumatatu ulikwenda wewe. Ulimwona mtoto?"

"Hapana. Alinifungia mlango. Nilisikia tu…"

"Ulisikia nini?"

"Filimbi ya kifua. Aliniambia ni birika."

Shangazi akaikita fimbo sakafuni.

"Ulimsikia mtoto anapiga filimbi Jumatatu," akasema polepole. "Leo Jumatano. Na wewe, bwana mtafiti, siku mbili nzima umekaa hapa unapima pua za wanawake?"

Nilikuwa nimesikia mtoto anakosa hewa, na nilichokimbilia kuokoa ni kichupa.

Alikuwa ameshachukua mkoba wa dharura ukutani. "Twende. Uendeshe gari kama mtu mwenye haya."

Zile ngazi alizipanda mwenyewe, moja moja, akiitukana kila moja kwa jina lake jipya. Safari hii mlio haukusikika mlangoni, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kifua kinachopiga filimbi bado kinapitisha hewa; kikinyamaza kabisa, hapo ndipo pabaya.

Mama alifungua kidogo, akaniona mimi, akataka kufunga. Shangazi akaweka fimbo kwenye upenyo.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi sikuja na kadi."

Mlango ukafunguka.

Mvulana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imekita magotini, mabega yanapanda na kushuka, ngozi katikati ya mbavu inazama kila anapovuta hewa. Kamasi nyepesi zilimtiririka. Mafua ya kawaida kabisa, yale ambayo mtoto mwingine angeyafutia mkono wa shati na kurudi kucheza. Alinitazama akataka kusema, akatoa neno moja, akasimama kuvuta, akatoa la pili.

"Wewe… ndiye… wa vijiti?"

"Ndiye," nikasema. "Leo sina kijiti."

Shangazi alikuwa tayari amepiga magoti, goti bovu na zima, amefunga pampu ya bluu ya kufungua kifua kwenye kopo la plastiki, barakoa yake usoni mwa mtoto. "Vuta kama unanusa maandazi ya jirani. Tena. Tena. Vizuri, mume wangu." Nilihesabu mivuto kwa sauti, nikiwa nimeshika mkono wa mtoto, mapigo yanakimbia chini ya kidole changu. Kumi. Tukangoja. Rangi ya midomo ikarudi kidogo. Tukambeba, mimi mbele, mama na viatu vya mtoto mkononi, na Shangazi nyuma akituharakisha kwa fimbo kama mbuzi.

Hospitali walimpa oksijeni, mvuke wa dawa, vidonge vya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Baada ya saa mbili mabega yalitulia. Muuguzi wa zamu alisema mtoto atalala huko siku mbili, lakini ameshavuka. Mvulana mwenyewe, na barakoa yake usoni, alikuwa anamweleza mtoto wa kitanda cha pili kwamba yeye ni rubani na asisumbuliwe wakati wa kuruka.

Tulikaa watatu kwenye benchi la korido. Mama alikuwa bado na zile pini kwenye kola.

"Ni pua yangu," akasema, bila mtu kumwuliza. "Vyote tisa. Na namba niliandika mimi, Jumapili jioni, zote kwa pamoja."

"Kwa nini?" nikauliza. Nilijitahidi kuuliza kwa sauti ya chini, lakini ilitoka na ncha.

Akanitazama kama mtu anayeona mtego na bado hajajua uko wapi.

"Si uliandika mwenyewe? Ile karatasi tuliyotia sahihi, ukurasa wa nne. Mtoto atakayeshikwa na pumu kali mara mbili atatolewa kwenye utafiti. Niliisoma mara tatu. Mwanangu alishikwa wiki ile ile ya kwanza. Nikasema hiyo ni moja. Imebaki moja. Akitolewa, pampu ya kuzuia nitaipata wapi? Kliniki leo ipo, kesho haipo, keshokutwa njoo wiki ijayo. Nikaona dawa yako ndiyo pumzi yake. Basi Kumi na Saba hawezi kuugua. Nikamfanya asiugue."

Sentensi hiyo niliiandika mimi. Naikumbuka siku niliyoiandika, nilivyoisoma kwa sauti nikaipenda. Niliiweka ili kumlinda mtoto: akizidiwa mara mbili, apelekwe kwa daktari wa kifua, asiendelee kuwa mtu wa kusuguliwa pua. Kamati ya maadili ya utafiti iliisifu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kuna mama ataisoma vizuri kuliko sisi, aone kwamba tumemwadhibu kwa kusema kweli.

"Dawa ulikuwa unampa, lakini?" Shangazi akauliza.

Mama akagusa pini moja ya kola. "Asubuhi. Za jioni nilikuwa nazibakiza. Nina pampu mbili nzima kabatini, kwa siku mtakayomtoa."

Shangazi akafumba macho. Mimi nikafanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya: nusu ya dawa, wiki tisa, kisha kirusi kidogo cha mafua kikakuta mlango wazi. Nilikuwa nikitafuta kwenye pua kinachoshusha mafua kifuani. Kwa mtoto huyu jibu lilikuwa ukurasa wa nne.

"Sasa anatolewa," mama akasema. Hakuwa anauliza. "Hii ni ya pili. Na uongo juu. Mpaka polisi labda." Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa shati langu, kwenye kalamu.

Niliitoa kalamu nikampa Shangazi aishike.

"Hakuna polisi," nikasema. "Vichupa vyake siwezi kuvitumia. Kesho saa tatu naenda kwa kamati kuwaambia, na kuwaambia sababu. Wanaweza kuusimamisha utafiti wote."

"Na wewe utapata nini?"

"Aibu, nadhani."

"Aibu hailiwi," akasema, na kwa mara ya kwanza karibu atabasamu, halafu akajizuia. "Watu wenye karatasi husema maneno mazuri kwenye korido, wakifika ofisini wanageuka. Nimewahi kuambiwa maneno mazuri mimi."

"Mwambie unachomwambia," Shangazi akanigusa bega. "Lakini sema kwa sauti. Huyu amechoka kusoma."

Nikasimama. Muuguzi aliyekuwa akipita na trei akageuka kutazama. Hata rubani, mlango wa wodi ukiwa wazi, alinyanyua kichwa kitandani. Nilimtazama mama yule machoni, na macho yake hayakuniamini hata kidogo, na alikuwa na haki.

"Mama," nikasema, "akiugua mara mbili, akiugua mara ishirini, utafiti uendelee au ufungwe, dawa ya mwanao haitakatwa. Jumatatu nitapanda zile ngazi mwenyewe nikuletee pampu, na Jumatatu zote mpaka daktari wa kifua atakapompokea na dawa yake mkononi. Ukisema amekohoa, nitakushukuru. Nakuahidi, mbele ya Shangazi na mbele yake yeye mwenyewe pale kitandani."